Kuanza Kukimbia Mombasa: Mwongozo kwa Anayeanza Kabisa

Miongozo mingi ya kuanza kukimbia imeandikwa na watu wa nchi za baridi, au na watu wa Iten, mji wa wakimbiaji kule milimani Kenya, ambako asubuhi mtu hutoka nyumbani na jaketi. Ukiichukua kama ilivyo ukaenda nayo Mama Ngina, ile barabara ya kando ya bahari hapa Mombasa, mwezi wa Machi, wiki ya pili utakuwa umeshaacha, na utawaambia watu kwamba kukimbia hukuwezi. Kumbe kilichokushinda ni fukuto.

Na fukuto halijui bingwa. Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, njia ikapitishwa kwenye uwanja wa gofu hapo hapo kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006. Akatoka kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Basi wewe unayetoka Kisauni au Majengo na raba mpya usione haya ukitembea.

Mimi hufundisha kikundi kidogo cha wanaoanza, wengi wao kina mama wa makamo na vijana wa kazi za kukaa. Haya ndiyo ninayowapa, kwa mpangilio ninaowapa.

Hatua ya 1: Pimwa kwanza

Kama una presha, kisukari, pumu, au umewahi kubanwa na kifua, muone daktari kabla ya kununua chochote. Mwenye kisukari anayetumia dawa aulize hasa kuhusu kula kabla ya mazoezi, maana sukari inaweza kushuka ghafla njiani. Wengine wote, pimeni presha tu. Ni dakika chache.

Hatua ya 2: Chagua saa kabla ya kuchagua njia

Mombasa jua huchomoza karibu saa 12 hadi saa 12 na nusu asubuhi, mwaka mzima. Muda wako mzuri ni kuanzia mwanga unapotosha kuona mashimo ya barabara hadi saa 1 na nusu. Baada ya hapo jua limeshakuwa kali, na lami imeanza kurudisha joto.

Wengi huniuliza kwa nini wanatoka jasho jingi alfajiri ilhali kuna ubaridi. Jasho lenyewe halipozi mwili. Kinachopoza ni jasho kukauka. Alfajiri ya Pwani hewa imejaa unyevu, kwa hivyo jasho linachuruzika tu bila kukauka, na mwili unaendelea kuchemka. Jioni unyevu hupungua kidogo lakini ardhi inakuwa imekunywa jua siku nzima. Mimi bado ninachagua asubuhi, kwa sababu magari ni machache na ukishamaliza hakuna mgeni wala mkutano wa kukuzuia.

Msimu nao uuangalie. Kaskazi, yaani Desemba hadi Machi, ndiyo miezi mikali. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishaingia na mvua za masika zikapungua, mwezi wa Juni, Julai na Agosti, hapo ndipo mahali pa kuanzia kama unaweza kusubiri. Ukianza wakati wa joto, upe mwili wiki mbili za kuzoea kabla ya kuudai chochote.

Hatua ya 3: Raba

Raba za dukani ni nzuri ukizimudu. Wengi wetu tunazitafuta Kongowea kwenye mitumba, na hakuna ubaya wowote mradi ujue kuzikagua.

Ziweke pamoja juu ya meza ya muuzaji, kisha zitazame kwa nyuma, macho yako yakiwa sawa na kisigino. Zikilala upande mmoja, mwenye nazo wa kwanza alikuwa akikanyagia upande huo, na wewe zitakulazimisha umfuate. Bonyeza kwa kidole gumba ile sehemu laini iliyo kati ya soli na kiatu: ikiwa ngumu, au ina mikunjo mingi kama paji la uso la mzee, imekufa hata kama juu inang'aa. Halafu ikunje. Raba nzuri hukunjika penye vidole. Inayokunjika katikati haifai. Mwisho toa ile sponji ya ndani uangalie kama pamemomonyoka.

Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Muuzaji atakwambia, "Hizi ni orijino dada, zimetoka juzi." Mwache aseme. Wewe bonyeza.

Hatua ya 4: Nguo

Pamba hunywa jasho ikawa nzito, kisha inakuchubua. Tafuta fulana ya kitambaa chepesi cha michezo. Paka mafuta ya mgando mapajani, makwapani, na chini ya ukanda wa sidiria; bila hayo maji ya kuogea yatakukumbusha.

Dada zangu, hakuna haja ya kubadilisha stara yako ili ukimbie. Mimi hukimbia na suruali pana ya kitambaa chepesi, fulana ndefu ya mikono inayofika mapajani, na hijabu ya kuvaa kichwani bila pini. Rangi nyeupe au za kupauka husaidia jua likishapanda. Jambo moja tu: vazi likikuburura miguuni, lifupishe au libadilishe, kwa sababu kujikwaa kwenye ukingo wa barabara huku bodaboda zinapita ni hatari ya kweli. Na mara za kwanza nendeni wawili au watatu.

Utaulizwa maswali. Wazee wa benchi watakuita, "Mwanangu, wafukuzwa na nani?" Cheka, wasalimie, endelea. Baada ya wiki tatu watakuwa wakiuliza kwa nini jana hukuja.

Hatua ya 5: Njia

Anzia Mama Ngina. Pamesakafiwa vizuri, pana upepo wa bahari, kuna vivuli vya mibuyu, na asubuhi hukosi watu wengine wanaofanya mazoezi, kwa hivyo hauko peke yako. Kukiwa na kusi, ukielekea upande wa feri ya Likoni upepo utakupiga usoni na ubavuni, na ukirudi utakusukuma. Watu hupenda kumaliza wakisukumwa na upepo. Katika joto mimi nafanya kinyume: naanza na upepo mgongoni nikiwa bado sijachemka, narudi nikiupokea usoni, kwa kuwa upepo wa mgongoni unakwenda sawa na wewe na hakuna kinachokupoza.

Ufukweni, Nyali kwenda Bamburi, ni patamu lakini pana masharti. Lazima ujue maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa alfajiri na alasiri, na hukupwa kama saa 4 asubuhi. Kwa hivyo ukitoka saa 12 utakuta ufuo umebaki ukanda mwembamba wa mchanga tifutifu uliolala mshazari, na mguu mmoja utakuwa chini kuliko mwenzake mwendo wote. Nyonga na magoti yatalalamika. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hubadilika, alfajiri maji yanakuwa chini. Kama huna hesabu ya mwezi kichwani, muulize mvuvi yeyote, au angalia jedwali la maji kwenye simu. Unachotafuta ni mchanga mgumu, ule wa rangi nzito ulioachwa sasa hivi na maji. Nenda na urudi njia ileile ili mshazari uwe zamu kwa kila mguu. Na usivue viatu siku za mwanzo. Chini ya mwani kuna vipande vya matumbawe na chupa.

Darajani Nyali na barabara za katikati ya mji sizipendekezi kwa anayeanza. Moshi, matatu, mikokoteni, na njia ya miguu iliyojaa watu wanaowahi kazini. Ukilazimika kukimbia barabarani, kimbia upande unaoyaona magari yakija usoni, na uache sikio moja wazi.

Hatua ya 6: Programu yenyewe

Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kila siku anza kwa kutembea kwa kasi dakika 5 na umalizie vivyo hivyo. Katikati fanya hivi:

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8.
Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
Wiki ya 5 na 6: kimbia 3, tembea 1, mara 6.
Wiki ya 7 na 8: kimbia 5, tembea 1, mara 4.
Wiki ya 9 na 10: kimbia 8, tembea 1, mara 3.
Wiki ya 11: kimbia 12, tembea 1, mara 2.
Wiki ya 12: kimbia 25 bila kusimama.

Umeona hakuna kilomita hapo. Sizitaki. Mtu akishaanza kuhesabu kilomita anaanza kushindana na rafiki yake wa Nairobi anayekimbia kwenye baridi, na simu inamwambia kila asubuhi kwamba yeye ni mzembe. Dakika 24 za Machi na dakika 24 za Julai ni kazi ileile kwa moyo wako, japo Machi utakuwa umefika karibu zaidi.

Wiki ikikushinda, irudie. Ikiwa rahisi, usiruke. Pumzi na moyo huimarika upesi, lakini mifupa na kano huchelewa, na wengi huumia mwezi wa pili, pale wanapojisikia wana nguvu.

Hatua ya 7: Mwendo

Hili ndilo ninalolirudia mpaka watu wananichoka. Kasi yako ni ile inayokuruhusu kuongea. Kipimo changu ni hiki: mzee aliye kwenye benchi akikutolea salamu, umrudishie kamili, "Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh," bila kuvuta pumzi katikati. Ukiishia "waalaikum..." huku unahema, punguza. Ukipunguza bado unahema, tembea hata kama dakika yako haijaisha.

Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu ukitua chini ya mwili na si mbele yake. Mabega yashuke, ngumi zilegee. Kichomi kikikubana ubavuni, tembea, toa pumzi ndefu kwa mdomo, kitaachia.

Hatua ya 8: Kula na kunywa

Kabla ya kutoka, tende mbili tatu au ndizi mbivu, na glasi ya maji. Kwa dakika 35 huhitaji kubeba chupa ikiwa ulikunywa vizuri jana yake, ila miezi ya kaskazi beba. Kama una mizani, jipime kabla na baada siku moja: kilo uliyopoteza ni karibu lita moja ya maji uliyotoka jasho, na hapo utajua mwili wako unadai kiasi gani.

Dafu baada ya mazoezi ni zuri mno. Lina madini ya potasiamu kwa wingi, lakini chumvi yake ni kidogo, na jasho letu ni la chumvi. Kwa hivyo ukiwa umelowa chapachapa, lisindikize na kitu chenye chumvi kidogo. Mahamri kwa mbaazi nusu saa baadaye ni chakula kamili kwa mkimbiaji, asikutishe mtu. Mahamri sita ni habari nyingine.

Hatua ya 9: Jua lini usimame

Uchovu na misuli ya mapaja kuuma siku mbili ni kawaida. Maumivu ya ugokoni yanayosambaa hutokea kwa wanaoanza. Punguza wiki moja, ukimbie mahali laini zaidi. Lakini ukibonyeza mfupa wa ugoko kwa ncha ya kidole ukapata sehemu moja ndogo inayouma sana, acha kukimbia na uende hospitali, mfupa unaweza kuwa na ufa.

Joto ndilo la kuogopa zaidi. Ukihisi ngozi inasisimka kama una baridi ilhali jua limewaka, kichwa kinagonga, kichefuchefu, au kizunguzungu: simama papo hapo, ingia kivulini, jimwagie maji na ujipepee. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kuyumba, msiulizane. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, na mtafute gari la kumpeleka hospitali huku mkiendelea kumpoza.

Ramadhani ikikukuta katikati

Usiache kabisa, na usijitie ushujaa wa kukimbia mchana. Kuna wanaotoka nusu saa kabla ya magharibi, kutembea tu na mchakamchaka mwepesi, wakafike nyumbani adhana ikilia. Kuna wanaosubiri baada ya tarawehe, wakishakula kidogo. La pili ni salama zaidi katika joto letu, kwa sababu unaweza kunywa maji. Fanya siku mbili kwa wiki badala ya tatu, ubaki kwenye wiki ileile uliyofikia, usipande. Idi ikishapita, rudi nyuma wiki mbili kwenye jedwali, kisha endelea kutoka hapo.