Jinsi ya Kutengeneza Diorama ya Mikoko ya Kunduchi

Diorama ni kabati la kioo lenye mandhari ndani yake: mbele kuna ardhi na viumbe vya kufinyanga, nyuma kuna picha iliyochorwa, na mtazamaji hatambui kimoja kinaishia wapi. Hii ya upana wa mita 1.5 inatosha kona ya shule au ya makumbusho ndogo.

Hatua ya 1: Chagua saa

Wengi huanza kwa kuuliza waweke ndege gani. Anza na saa. Mimi huchagua siku ya bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, saa nne asubuhi. Pwani ya Dar es Salaam, maji ya bamvua hupwa karibu na saa hiyo: tope liko wazi, kaa wametoka, na jua liko upande wa bahari. Ukitazama baharini, vivuli vinakujia. Ukishajua hilo, unajua taa ikae wapi, tope ling'ae wapi na kiumbe yupi hastahili kuwamo. Nenda Kunduchi, kaskazini mwa jiji, saa hiyohiyo, upige picha, uchore, upime mizizi. Usikate kitu. Mikoko inalindwa kisheria, na hata mzoga wa ndege wa porini huwezi kuuweka bila kibali.

Hatua ya 2: Kabati

Mafundi samani wa Keko, Dar es Salaam, watakutengenezea. Ukuta wa nyuma uwe wa hadibodi ya milimita 3 iliyopindwa, maana pembe ikionekana, anga haiaminiki tena. Kioo kiegemee kidogo kuelekea kwa mtazamaji upande wa juu, ili kiakisi sakafu badala ya sura yake.

Chora mstari wa bahari na anga usawa wa macho ya watazamaji. Kwa watoto, ushushe. Tumia rangi ya maji isiyong'aa. Miti ya mbali iwe midogo, ififie, ielekee buluu. Kila baada ya muda rudi kitakapokaa kioo utazame, kwa sababu ukuta uliopinda hupotosha mistari.

Hatua ya 3: Tope

Hapa usiharakishe. Tope halisi halifai: hupasuka, na chumvi yake hufyonza unyevu. Tandaza waya wa kuku, paka plasta, kisha juu yake mchanganyiko wa unga wa mbao, gundi nyeupe ya mbao na rangi ya kijivu iliyokolea. Kabla halijakauka, toboa mashimo ya kaa na uzungushie vidonge vidogo vya tope, kama wanavyoviacha wakila. Madimbwi ni epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa kama kioo, tabaka jembamba jembamba. Ukimwaga nene inachemka. Vanishi ya kung'aa ipakwe ukingoni mwa maji tu.

Tope linapokutana na picha, liinue kidogo na uache nafasi nyuma yake, kivuli kisiangukie anga. Rangi ya kijito cha mbele na cha ukutani ichanganywe kwenye ndoo moja.

Hatua ya 4: Miti

Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda. Itengeneze kwa waya mnene na karatasi iliyolowekwa gundi. Mchu, aina nyingine ya mti wa mikokoni, huchomoza mizizi ya kupumulia kutoka topeni, na vijiti vya mishikaki vinatosha. Usiipachike chini ya mkoko, mvuvi yeyote atakukosoa, na atakuwa na haki. Majani unaokota yaliyoanguka, unayachukulia umbo kwa plasta, kisha unakandamiza humo plastiki nyembamba iliyopashwa moto. Chini ya jani la mkoko weka vidoadoa vyeusi. Chini ya la mchu, weupe wa kijivu.

Hatua ya 5: Viumbe

Kaa hawa wa mashimoni, madume wana gando moja kubwa, majike yote madogo. Dume mmoja ainue gando, wengine wale. Ndege mmoja tu: yangeyange mwenye miguu myeusi na vidole vya njano, manyoya yake ni ya kuku wa kisasa, yaliyooshwa na kukaushwa vizuri.

Hatua ya 6: Taa na kuziba

Taa za LED zikae nje ya kabati, juu, nyuma ya plastiki nyeupe, upande wa bahari. Ziba kila mwanya kwa silikoni, mende wasiingie, ila acha mlango mmoja wa nyuma wa kufanyia usafi.