Kuusoma msiba kabla hujaketi

Kila nyumba ya msiba ina hali yake, na mgeni anayeingia bila kuipima huwaongezea wafiwa mzigo hata kama amekuja kwa moyo safi. Tunayoeleza hapa ni misiba ya mijini Tanzania, hasa pwani, ila mengi yatakufaa popote penye turubai na mikeka.

Anza kabla hujatoka nyumbani. Mpigie ndugu wa pembeni, si mfiwa mwenyewe, umwulize kama marehemu aliugua au ameondoka ghafla, mazishi ni lini, na wafiwa wa karibu ni nani. Mzee aliyeugua muda mrefu huwa ameshaliliwa kidogo kidogo. Kifo cha ghafla huwaacha watu wameduwaa, na aliyeduwaa huonekana mtulivu. Hapo ndipo wengi hukosea: humkuta mjane ana macho makavu, wakadhani ameshapoa, wakaanza kumpigisha soga.

Jipime na wewe. Ukiwa umetoka kugombana na mtu, utabeba hasira yako hadi msibani ukadhani ni ya nyumba ile.

Ukifika, zima sauti ya simu, simama nje ya turubai dakika moja au mbili, utumie masikio kwanza. Kilio kinachopanda ghafla maana yake kuna aliyewasili au mwili umeletwa. Ngoja kishuke ndipo uingie. Mazungumzo ya chini yasiyokatika ni dalili kwamba nyumba imeanza kutulia. Lakini watu wakinyamaza kila anapopita mtu fulani, aghalabu kuna mvutano: pa kuzika, mirathi, au lawama juu ya kifo chenyewe. Usiulize, wala usijiunge na wale watatu wanne wanaonong'ona kando.

Kisha macho. Uso mtu huupanga akiona mgeni. Mikono huwa anaisahau. Mfiwa anayekunja na kukunjua ncha ya kanga bila kuacha, usimwongeleshe, kaa karibu naye tu. Akikushika mkono asiuachie, usiuvute hata kama kuna foleni ya wanaosubiri kumpa pole.

Uani ndiko kwenye ukweli. Wapishi wakipokezana mwiko bila kuitana kwa ukali, kuni zipo na mchele umeshapimwa, basi msiba una wenyewe. Wakiulizana nani ana hela ya mafuta, ujue ndani huzuni imechanganyika na hofu ya gharama. Toa rambirambi yako mapema iandikwe daftarini, usingoje hadi unaaga.

Kicheko kisikubabaishe. Huenda ni watani kazini. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, na leo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu au kuzuia jeneza hadi apewe chochote. Anawapumzisha wafiwa, na ni kazi yenye heshima kubwa. Kama huna utani na familia hiyo, tabasamu inatosha.

Salamu iwe "poleni" tu. Swali la "ilikuwaje?" humlazimisha mfiwa kuirudia siku ile kwa kila anayeingia. Wakiwa wameketi chini, keti chini, unyamaze dakika kumi hivi kabla ya kuanza neno.

Ukitoka utakuwa umebeba kitu: kifua kizito, mabega yaliyokaza, uchovu usiolingana na ulichofanya. Tembea kwa miguu sehemu ya njia, oga, umweleze mtu unachohisi wewe, si siri za wafiwa. Kama umekumbushwa msiba wako mwenyewe na usingizi ukapotea siku kadhaa, tafuta mshauri nasaha au kiongozi wako wa dini.

Panga kurudi turubai likishashushwa na viti vya kukodi vimerudishwa. Wapishi hawapo, ndugu wa mikoani wamepanda mabasi, na mara nyingi ndipo nyumba huelemewa zaidi. Pima upya kuanzia mlangoni, maana hali uliyoikuta siku ya mazishi haipo tena.