Jinsi ya kugomea gemu bila kumuumiza asiyehusika

Kabla hujaandika "sinunui tena" jiulize unadai nini, na dai lenyewe liwe fupi, kitu ambacho kampuni ikiamua inaweza kukitekeleza hata kesho. "Hawa wana tamaa" sio dai. Mei 2024 Sony walitangaza kwamba wanaocheza gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network (PSN, huduma ya mtandaoni ya Sony), watu wakaja juu, rivyu mbaya kule Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, zikapita laki mbili ndani ya siku chache, na dai lilikuwa moja tu, toeni hilo sharti. Wakalitoa.

Alafu tafuta nani kaamua. Gemu ile wametengeneza Arrowhead wa Sweden ila msambazaji ni Sony, sasa yule kijana anayejibu meseji za wachezaji hakuwepo kwenye kikao chochote, ni mwajiriwa kama wewe. Ukimtukana au kumtishia huo sio mgomo tena, ni uonevu, na hata kama dai lako ni la haki mimi siko na wewe hapo.

Rivyu nazo ziandike kwa ukweli kwasababu namba zinaweza kugusa riziki ya mtu. Obsidian waliotengeneza Fallout: New Vegas ya 2010 walikosa bonasi kwasababu gemu ilipata 84 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za rivyu, na mkataba ulitaka 85. Zile zilikuwa alama za wakosoaji, sio za wachezaji, lakini umeona pointi moja ilivyofanya kazi. So kama gemu yenyewe ni nzuri sema ni nzuri, kisha eleza kwanini umeipa dole la chini.

Hela ndio mgomo wenyewe. Usilipie gemu kabla haijatoka, na kama ulishanunua Steam omba urudishiwe ndani ya siku 14 ukiwa hujafikisha masaa mawili ya kucheza. Mwaka 2009 watu walifungua kundi la kugomea gemu ya Modern Warfare 2 kwasababu toleo la kompyuta lilinyimwa seva zinazoendeshwa na wachezaji wenyewe, gemu ilipotoka tu picha ikasambaa inaonyesha wanakundi kibao wako ndani wanaicheza. Kama unajua huwezi kukaa bila hiyo gemu basi usitangaze mgomo, toa malalamiko yako kama mteja, inatosha kabisa na hujamdanganya mtu.

Na dai likitimia, acha. Wachezaji wengi wa Helldivers 2 walirudi kubadilisha rivyu zao na hapo walifanya vizuri, kampuni ikisikiliza lazima ione faida ya kusikiliza. Ila kuna kitu hakikupigiwa kelele ya kutosha, Steam ilikuwa imesitisha kuuza gemu ile kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo PSN haikuwepo, Tanzania na Kenya zikiwemo, na sharti lilipotolewa nchi hizo hazikufunguliwa siku ile. Yaani waliokuwa na gemu tayari walishangilia, sisi wengine duka likabaki limefungwa. So kabla hujageuza dole lako juu angalia nani bado yuko nje, na kama wapo, taja nchi zao kwenye rivyu hiyo hiyo na useme utaibadilisha wakifunguliwa.