Kumfunga kichwa mwigizaji wa opera ya Beijing: mwongozo kutoka nyuma ya jukwaa

Kazi yangu ni vichwa. Nyuma ya jukwaa la opera ya Beijing, ambayo Wachina wenyewe huiita Jingju, kila msaidizi ana eneo lake: kuna wa mavazi, wa kofia na helmeti, wa silaha na bendera, na tupo sisi tunaowatengeneza nywele waigizaji wa dan, yaani nafasi za kike. Mwongozo huu ni wa anayeanza. Tutamfuata mwigizaji mmoja wa qingyi, yule mwanamke mtulivu mwenye heshima zake, tangu anapoingia na uso mtupu hadi anapovuliwa. Hatua ya 4 nitaikalia sana, kwa sababu kichwa kikilegea hakuna kingine kitakachosimama.

Hatua ya 1: Wahi, na ujue pa kukaa

Onyesho likianza saa 1:30 usiku, wewe fika saa 10 alasiri. Waamkie wakubwa kwanza. Kila aliyekutangulia kazini ni laoshi, mwalimu, hata kama kazi yake ni kupiga pasi.

Masanduku yaliyopangwa ukutani si viti. Sanduku kubwa lina majoho ya mabwana na mabibi, la pili lina deraya na nguo za vita, la tatu nguo za ndani na viatu. Kiti cha mpiga ngoma usikikalie, maana ndiye anayeongoza muziki wote kwa vijiti vyake. Usifungue mwavuli ndani: jina lake kwa Kichina, san, linafanana na neno la kutawanyika, na hakuna kundi linalotaka kutawanyika. Kwa mila, brashi ya rangi haiguswi kabla ya chou, mchekeshaji, hajaanza kujipaka. Wazee husimulia kwamba mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang, aliyetawala kuanzia 712 hadi 756, alipenda kuigiza nafasi hiyo. Ukikuta kundi linaloifuata mila hii, subiri zamu yako.

Muulize mwigizaji wako kama amekula. Njaa ni mbaya, na shibe ni mbaya zaidi. Sababu utaiona.

Hatua ya 2: Andaa nywele kabla hajaketi

Vipande vya nywele vinavyobandikwa usoni huitwa pianzi. Gundi yake ya asili hutokana na maranda ya mbao yaliyolowekwa majini mpaka yatoe ute unaovutika kama wa bamia. Lowesha nywele kwenye ute huo, zitandaze juu ya ubao laini, chana kwa kitana chembamba mpaka usione hata unywele mmoja uliosimama. Vipande vidogo, ambavyo kwa kawaida ni 7, vizungushe viwe duara bapa vya kupanga kwenye paji la uso. Viwili virefu vya kushuka mashavuni viache vimenyooka.

Ute ukiwa mwepesi, nywele zitateleza jasho likianza. Ukizidi uzito, utaacha ukoko mweupe. Mimi huuchovya kwa vidole viwili kisha navitenganisha polepole: uzi wa ute uvutike kidogo ndipo ukatike.

Mtindo huu wa nywele za maji unahusishwa na Wei Changsheng, mwanamume wa Sichuan aliyeigiza nafasi za kike na kuingia Beijing mwaka 1779.

Hatua ya 3: Rangi

Waigizaji wengi hujipaka wenyewe, kwa hiyo kazi yako ni kushika taa na kuwa na taulo karibu. Kwanza mafuta ya kulinda ngozi, kisha rangi ya msingi inayopigwapigwa kwa kiganja mpaka isawazike. Nyekundu huanzia kuzunguka macho na kushuka mashavuni ikififia, pua ikibaki nyeupe. Baada yake poda nyingi, halafu wanja, nyusi na midomo.

Hatua ya 4: Funga kichwa

Aketi wima, akijitazama kiooni. Kusanya nywele zake mwenyewe nyuma. Weka katikati ya utepe wa kitambaa juu ya paji, naye azivute juu kwa vidole ncha za nyusi zake. Wewe peleka utepe kisogoni, upishane, urudi mbele, ukaze. Pembe za macho zitainuka. Hapo mama wa miaka 50 hugeuka msichana mbele yako, na mimi sijawahi kuzoea kuliona jambo hilo.

Kisha bandika pianzi, ya katikati kwanza, halafu kushoto na kulia. Vipande hivi ndivyo vinavyochonga uso. Paji likiwa pana, vishushe. Mashavu yakiwa mapana, vile viwili virefu visogeze mbele. Mwisho zungusha shuisha, kitambaa chepesi cheusi, kikiwa kimeloweshwa na kukamuliwa. Kinapokauka hujikaza chenyewe, nawe ukadirie hilo tangu mwanzo.

Maumivu yake ni ya kweli. Kichwa hugonga, tumbo huchafuka, na wanafunzi wengine hutapika. Mwaka wangu wa pili nilimfunga binti aliyekuwa akitokwa na machozi. Nikamhurumia, nikalegeza kiasi cha upana wa ukucha. Katika kipande cha pili cha onyesho aligeuka haraka, mapambo yakahamia upande wa sikio, na wimbo uliobaki aliuimba shingo ikiwa imekakamaa, akiogopa kuinama. Aliporudi ndani hakunilaumu. Aliketi tu, akajitazama kiooni.

Tangu siku ile kipimo changu ni kimoja: kidole cha shahada kisipenye chini ya utepe. Huruma yangu nimeihamishia kwenye saa. Naangalia mpangilio wa vipande vya onyesho, nahesabu kurudi nyuma, na simfungi mtu hata dakika moja kabla ya haja. Anayekukaza mapema ili amalize kazi yake akapumzike, huyo ndiye asiyekuhurumia.

Hatua ya 5: Mapambo

Usichague kwa uzuri, chagua kwa hali ya mhusika. Mabibi wa hadhi huvaa diancui, mapambo ya buluu ambayo asili yake ni manyoya ya ndege mdiria. Siku hizi mengi hutengenezwa kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi, na nafurahi ndege wameachwa. Wasichana wachangamfu huvaa vito vinavyometameta. Maskini na wajane huvaa vifungo vya fedha visivyo na makeke. Ukimaliza, mwambie atikise kichwa, ainame, ageuke. Kikicheza kitu, fungua uanze upya.

Hatua ya 6: Mavazi

Fulana ya pamba, kola nyeupe ya kuzuia jasho na rangi, sketi, kisha joho. Hakikisha mikono ya maji, ile hariri nyeupe inayoning'inia kwenye mikono ya joho, imekunjuka vizuri. Wachina husema bora kuvaa kilichochanika kuliko kuvaa kisicho chake, na mtu wa mavazi atakukatalia hata rangi ya joho ikikosewa. Usibishane naye.

Hatua ya 7: Kwenye pazia

Simama karibu, ukiwa na chupa ya maji ya moto, pini na utepe wa akiba. Usichungulie ukumbini. Sikiliza ngoma, itakuambia lini anarudi.

Hatua ya 8: Kuvua

Anza na kichwa, kabla ya joho, kabla ya pongezi na picha. Usikifyatue kifundo, kilegeze polepole, mkono mmoja ukishika kisogo, damu irudi taratibu. Mpe maji ya moto. Rangi hutolewa kwa mafuta, halafu sabuni.

Majoho ya hariri yenye nakshi hayafuliwi. Bitana hupuliziwa pombe kali ya nafaka kuondoa harufu ya jasho, yakaanikwa yapate hewa, yakakunjwa. Kama kuna mwanasesere aliyetumika kama mtoto mchanga, mlaze sandukuni kifudifudi, maana kundi humheshimu kama mungu na hawataki aangalie juu.

Kisha osha pianzi kwa maji vuguvugu mpaka ute wote utoke, zichane zikiwa mbichi, zilaze ubaoni zimenyooka. Mimi hufanya hivyo wengine wakiwa wamekwisha kwenda kula, na mara nyingi mwigizaji wangu hubaki ameketi pembeni, alama nyekundu ya utepe ikififia kwenye paji lake.