Barua pepe haifunguki: namna ya kumfundisha msimamizi mpya kutafuta tatizo

Msimamizi mpya akiambiwa "barua pepe haifunguki", mara nyingi hukimbilia simu ya mtumiaji, akafuta akaunti na kuiweka upya. Kila ninapofundisha, hilo ndilo la kwanza ninalokataza. Ukifuta akaunti unapoteza ushahidi, na kama ilikuwa ya POP3 (njia inayopakua barua na mara nyingi kuzifuta kwenye seva), huenda ukaondoka na barua ambazo kwenye seva hazipo tena.

Hatua ya 1: Seva ya majaribio
Postfix (programu inayotuma na kupokea barua) na Dovecot (inayompa mtumiaji barua zake asome) kwenye mashine pepe moja zinatosha. Kila mwanagenzi apewe akaunti yake.

Hatua ya 2: Poti
Poti ni namba ya mlango ambao huduma husikiliza. 25 ni ya seva kwa seva. 587 na 465 ni za mtumiaji kutuma, 993 ni ya kusoma kwa IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva. Mimi hufundisha 465 na 993, kwa sababu TLS, yaani usimbaji unaolinda mazungumzo, inaanza kabla ya neno lolote kupita. RFC 8314, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2018, nayo inapendekeza hivyo. Mtu asitumie 25 kwenye simu yake: watoa huduma wengi wa intaneti huifunga.

Hatua ya 3: Jaribu kwa mkono
Hapa ndipo muda wa mafunzo unapokwenda. Achana na telnet, haielewi TLS. Tumia openssl, programu inayoweza kuunganika kwa TLS:

openssl s_client -connect mail.example.com:993 -servername mail.example.com -verify_hostname mail.example.com

Iendeshe ukiwa kwenye mtandao ule ule wa mtumiaji. Ukiiendesha ndani ya seva yenyewe, fayawoli iliyo katikati hutaiona.

Ukijibiwa "Connection refused", mara nyingi mashine umeifikia ila hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. Ikikaa kimya hadi muda uishe, shuku fayawoli inayomeza pakiti. Ikiunganika, shuka hadi "Verify return code". 0 ni salama. 10, cheti (faili ambalo seva hujithibitishia kwalo) kimeisha muda. 62, jina uliloita halimo kwenye cheti.

Halafu kuna 21, na hii ndiyo inayosumbua watu. Seva imetuma cheti chake peke yake bila cheti cha kati kinachokiunganisha na mamlaka iliyokitoa. Kivinjari mara nyingi hujitafutia kipande hicho, kwa hiyo mtumiaji anasoma barua zake kwenye wavuti bila shida huku programu ya simuni ikigoma, na kila mtu anailaumu simu. Kama cheti ni cha Let's Encrypt (mamlaka inayotoa vyeti bure), angalia kama Dovecot imeelekezwa kwenye cert.pem (cheti cha seva peke yake), inatakiwa fullchain.pem (pamoja na cha kati). Kisha ipakie upya Dovecot. Hili la kupakia upya lisisitize: cheti kipya kinaweza kuwa kimekaa kwenye diski na Dovecot bado inatoa cha zamani ilichokisoma ilipowashwa.

Upande wa kutuma kuna mtego mwingine:

openssl s_client -connect mail.example.com:587 -starttls smtp -crlf

Mwanagenzi ataandika MAIL FROM (mtumaji), atapata 250 (sawa), kisha ataandika RCPT TO (mpokeaji) na muunganisho utavurugika. Seva haina kosa. Ni openssl inayoichukua herufi kubwa R mwanzoni mwa mstari kuwa ombi la kupatana upya TLS, kwa hiyo mstari wako haufiki kwenye seva kabisa. Andika rcpt to kwa herufi ndogo, au ongeza -quiet kwenye amri.

Hatua ya 4: Nenosiri
535 maana yake jina au nenosiri limekataliwa. Soma logi ya seva. Jibu limo humo.

Hatua ya 5: Haribu kwa makusudi
Mwanagenzi akiwa nje, haribu kitu kimoja: simamisha Dovecot, funga 587, badilisha nenosiri, au weka cert.pem. Asiguse mipangilio ya simu wala kompyuta kabla hajaandika kwenye karatasi tatizo liko wapi na ni mstari gani wa jibu uliomwonyesha. Asiyeweza kuutaja mstari huo amebahatisha, arudie.

Wakishazoea hayo, iache seva ikiwa nzima, bila kuharibu kitu, na urudishe nyuma saa ya kompyuta yao kwa mwaka mmoja au miwili. Watapata 9, yaani cheti bado hakijaanza kutumika, na wengi watakwenda kuomba cheti kipya kabla ya kutazama saa.