Somo: Kuvusha ubao wa tanga kwenye mawimbi ya ghuba ya Malindi

Wengi walioomba somo hili tayari wanaendesha ubao wa tanga (windsurf) kwenye maji tulivu, ama Shela upande wa ndani, ama hori ya Mida, ama Watamu nyuma ya mwamba. Kisha wanakuja ghuba ya Malindi mwezi wa saba, kusi imeshika, na wanakuta hawawezi hata kutoka. Ubao unarudishwa mchangani, wanauokota, unarudishwa tena, na mlingoti unakatika kabla tanga halijashika upepo. Kwa hiyo hapa sitafundisha mbio wala madoido. Nitashughulika na zile hatua chache kati ya mchanga mkavu na nyuma ya mawimbi, kwenda na kurudi.

Kwenye fuo za Silversands na Casuarina kuna matumbawe mbele, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, na mawimbi yanavunjikia huko mbali. Ukishapita mji kuelekea mto Sabaki, mwamba unakatika. Mto unamwaga maji matamu na tope, na matumbawe hayamei penye tope. Ndiyo maana wimbi lililoanzia kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi linafika hapa likiwa zima.

Hatua ya 1: Chagua saa

Watu hutazama upepo peke yake. Juni hadi Agosti upepo si tatizo, kusi ipo, na mchana inazidi. Tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake. Katikati, kila siku husogea mbele kama dakika 50.

Sasa piga hesabu. Siku ya bamvua, upepo mkali wa alasiri unakutana na maji yaliyojaa pomoni, na wimbi linavunjika juu ya mteremko wa mchanga wenyewe, kwenye maji ya magotini. Hapo ndipo milingoti inapoishia. Siku kama hiyo ingia saa saba na nusu, maji yakiwa nusu na yanajaa, na uwe umeshatoka majini kabla ya saa tisa na nusu. Siku za maji mafu, alasiri maji yako chini lakini si sana, mawimbi yanavunjika mbali, mstari baada ya mstari, yakiwa yamepungua nguvu. Mimi mwanafunzi humwanzisha maji mafu hata akilalamika kwamba anatembea mno.

Hatua ya 2: Kaa mchangani utazame

Dakika ishirini, na tanga likiwa bado limekunjwa. Ukishalifunga hutakuwa na subira, najua. Mawimbi huja kwa mafungu: makubwa matatu, manne, hata sita, kisha bahari inatulia kidogo. Hesabu utulivu huo unadumu kiasi gani, kwa sababu ndio muda wako wa kuvuka.

Tafuta pia mlango. Ni ile sehemu ambayo povu halivunjiki na maji yanaonekana meusi au yana mchanga unaochemka. Hapo maji yaliyoletwa na mawimbi yanarudi baharini. Mwogeleaji aikimbie. Wewe mwenye tanga itumie kutokea, lakini usijaribu kurudia hapo hapo.

Mwisho weka alama zako za nchi kavu. Nguzo ya Vasco da Gama kwenye rasi inaonekana vizuri. Ioanishe na mnazi au mnara wowote nyuma yake. Kusi inasukuma kaskazini, mkondo nao unakwenda kaskazini, na ukiwa juu ya maji huhisi chochote. Alama ndizo zitakazokwambia umeshuka kiasi gani.

Usianzie chini ya rasi, upepo umekatwa pale. Nenda kaskazini ya gati, mbali na maboti yaliyotia nanga na maboya ya nyavu.

Hatua ya 3: Vifaa, kwa ufupi

Mtu wa kilo 70 kwenye kusi ya noti 20 (kipimo cha kasi ya upepo) anatosheka na tanga la mita 4.7 hadi 5 za mraba. Ubao wa mawimbi wa lita 85 hadi 95 ni mzuri kwake akiwa anajua kujiinua majini na tanga lake. Ikiwa bado anasimama ubaoni na kulivuta tanga kwa kamba, hajafika wakati wa ghuba hii. Pezi liwe fupi. Kagua kile kiungo cha mpira chini ya mlingoti: kikunje, na ukiona nyufa, usiingie. Jaketi la kuokoa maisha, kofia ngumu, na viatu laini.

Hatua ya 4: Kuingia na ubao mkononi

Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Kwa kusi, ukitazama bahari upepo unatoka mkono wako wa kulia. Basi simama upande wa kusini wa ubao, joshini, yaani upepo unakotoka, tanga likipepea kuelekea kaskazini. Mkono wa kulia ushike mlingoti juu kidogo ya bumu, ule mti wa kushikia tanga, wa kushoto ushike kanda ya mguu ya nyuma. Omo ya ubao, ncha yake ya mbele, itazame bahari moja kwa moja.

Kanuni ni moja: wimbi lipewe omo, kamwe lisipewe ubavu. Ubao uliokaa ubavu ni mlango uliong'oka unaokuja kukupiga mapajani. Na wewe usikae kati ya ubao na nchi kavu, hata kwa sekunde ya kurekebisha kofia. Wengi wanaoumia magoti wanaumia hapo, na maji hayajawafika kiunoni.

Povu likija, inua mlingoti juu ili maji yasilikamate tanga, achia tezi, nyuma ya ubao, kidogo, na uache omo ipande. Povu likipita, tembea haraka hatua nne, tano. Usisimame kujipongeza. Ukisukumwa, sukumwa pamoja na ubao, ukiwa pembeni yake.

Hatua ya 5: Kupanda na kuvuka

Subiri kwenye maji ya mapajani mpaka fungu la mawimbi makubwa liishe. La mwisho likivunjika, wewe umeshaanza. Shika bumu kwa mikono miwili, weka mguu wa kushoto katikati ya ubao, sukuma bumu juu na mbele, na tanga lenyewe litakuinua. Mguu wa kulia unafuata mbele. Usiruke, ukiruka unaizamisha tezi na pezi linachimba mchanga.

Usifunge hanesi, ule mkanda wa kiunoni wenye ndoano, mpaka uwe umevuka yote. Aliyefungwa kwenye bumu wimbi likimgeuza huenda na tanga chini.

Kila mstari wa povu una mambo matatu. Kabla yake, mwendo. Bila mwendo hupiti. Linapogusa omo, kunja magoti, hamisha uzito kwenye mguu wa nyuma, na legeza tanga kidogo. Likishapita chini ya miguu, vuta tanga mara moja, maana povu limekunyang'anya mwendo na la pili liko njiani. Wanaoanguka huanguka hapa pa tatu: wamevuka, wamefurahi, wamesahau kuvuta.

Wimbi likiwa limesimama lakini halijavunjika, liendee moja kwa moja. Likiwa linaanza kupinda mbele yako na huna mwendo, tupa tanga upande wa demani, upepo unakokwenda, rukia joshini, uzame. Hakuna aibu.

Hatua ya 6: Nje

Ukifika nyuma ya mawimbi, kabla ya furaha yoyote, enda joshi. Tafuta kusini kwanza, ili ukianguka huko mbele uwe na ufuo chini yako. Mtu wa dau atazoea upesi, ila akumbuke hakuna msukani: mlingoti ukiulaza mbele omo inakimbia upepo, ukiulaza nyuma inaugeukia upepo.

Hatua ya 7: Kurudi

Usirudi mbele ya wimbi. Rudi mgongoni mwake. Ruhusu moja likupite, lifuate kwa nyuma kwa mwendo wake, na likivunjika wewe unapita kwenye povu lililokwisha kupungua. Fungua hanesi mapema. Shuka maji yakiwa kiunoni, kabla pezi halijagusa chini, tena joshini, shika mlingoti na kanda, na tembea mpaka mchanga mkavu. Ukilaza tanga kwenye maji ya magotini ili upumzike, wimbi linalofuata litalijaza mchanga, na tanga lenye mchanga halinyanyuliki na watu wawili.

Hatua ya 8: Ukiangukia katikati ya mawimbi

Ogelea uende kwenye ncha ya mlingoti, uishike, uielekeze kwenye wimbi linalokuja. Maji yatapita juu ya tanga kwa urefu wake badala ya kulipindua, na mkono wako utazuia ncha isichome mchanga. Mlingoti hukatika hasa ncha ikiwa imechomeka chini na ubao unasukumwa juu yake. Ukihisi vifaa vinakushinda nguvu karibu na ufuo, viachie. Vitafika nchi kavu vyenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Shela. Mbona hapa kwetu mawimbi ya mlangoni yanakuwa mafupi na makali kuliko hayo unayosema, na upepo ni ule ule?

Marahaba. Ni kwa sababu ya maji yanayotoka. Maji yakipwa, mkondo wa kati ya Lamu na Manda unamwagika nje na kukutana na kusi uso kwa uso, na wimbi linasimama wima. Ngoja maji yajae, mkondo ukienda sawa na upepo, utaona bahari imelala. Ukitaka mawimbi ya kufanyia somo hili, tembea ufuo wa vilima vya mchanga, upite pale Manda inapoacha kukukinga. Ufuo ule una kilomita kama 12, nafasi ipo. Lakini hauna watu, kwa hiyo usiende peke yako.

Mimi ni dada, navaa stara. Nguo gani hazitaniletea matatizo?

Dada, tatizo ni nguo inayopwaya tu. Suruali ya kubana ya kuogelea, blauzi ya mikono mirefu ya kitambaa hicho hicho, na ushungi wa kuogelea uliopenyezwa ndani ya shingo. Juu yake vaa jaketi na hanesi, na hapo umejisitiri kuliko wanaume wengi wa ufuoni. Vua mapambo, na usifunge leso kiunoni: ndoano ya hanesi inaipenda sana.

Mlingoti wangu umekatika karibu na bumu. Fundi wa maboti ya faiba anasema ataunga. Nikubali?

Kwa maji tulivu, kubali, akiweka bomba la ndani kwanza na kuzungushia faiba juu. Kwa mawimbi, hapana. Bumu ndipo penye mzigo wote, na utakatika tena kando tu ya alipounga. Huyo fundi mpe tundu za ubao azibe, hiyo ndiyo kazi yake, lakini ubao ukauke kabisa ndani kwanza.

Kaskazi je? Mimi nina likizo Januari.

Kaskazi inafaa, mawimbi ni madogo na joto ni jingi. Mambo mawili yanabadilika. Upepo unatoka mkono wa kushoto, kwa hiyo geuza kila nilichosema kuhusu pande. Na maji ya Sabaki yanashushwa kusini, ghuba inakuwa ya udongo mwekundu mpaka mjini. Baada ya mvua za vuli kuna magogo yanayoelea ambayo huyaoni mpaka yang'oe pezi.

Kaka, kwani hao wanaovutwa ubaoni na vishada kule Che Shale, kaskazini ya Malindi, hawapati taabu hii?

Kidogo tu. Kishada kiko juu angani, hakina mlingoti wa kuvunjwa na povu. Lakini kikiwaangukia ndani ya mawimbi, kamba zinawasokota, na hapo afadhali mimi na mlingoti wangu. Chagua unachokipenda.

Nikishushwa na mkondo mpaka mdomo wa Sabaki nifanye nini? Nasikia kuna viboko.

Wapo, na mamba pia. Usingoje ufike huko. Ukiona nguzo ya rasi imeanza kufifia na maji yamebadilika rangi, nenda ufuoni hapo hapo ulipo, urudi kwa miguu au bodaboda. Ubao hubebeka.

Upepo ukikata nikiwa nje, au nikiishiwa nguvu?

Usiuache ubao, hata ufuo ukionekana karibu. Laza tanga juu ya tezi, lala kifudifudi, piga makasia kwa mikono ukielekea pembeni ya mkondo. Ukishindwa, kaa kitako ubaoni, nyoosha mikono yote miwili pembeni, inua na kushusha polepole, tena na tena. Mabaharia wote wanaijua ishara hiyo. Lakini lazima awepo wa kuiona. Kabla ya kuingia pita kwa wazee wa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, waambie unatokea wapi na utarudi saa ngapi, uache na nambari ya simu. Na ukishatoka, mpigie uliyemwachia saa, asije akachoma mafuta ya boti kukutafuta na wewe uko kibandani unakula mahamri.