Kabla hujanunua kopo la protini, piga hesabu ya sahani yako

Nafundisha mazoezi jimu ya mtaani hapa Temeke, na vijana wengi huniuliza habari za poda kabla hata hawajajua kuchuchumaa na chuma vizuri. Nawaambia waanze na mzani. Zidisha kilo zako kwa 1.6, mwenye kilo 70 anapata gramu 112 za protini kwa siku, na hizo zinamtosha anayenyanyua vyuma kwa bidii. Anayekimbia taratibu jioni hahitaji zote hizo.

Sasa hesabu chakula. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kipande cha kuku kisicho na mfupa cha gramu 100 kama 30. Dagaa wakavu ndio nawapigia debe kila siku: gramu 30 tu, yaani konzi ndogo, zinakupa zaidi ya 15, tena kwa bei ya sokoni. Hata ugali na wali vinaongeza kidogo. Gawanya kwenye milo mitatu au minne, usirundike yote usiku.

Ukipungukiwa kila siku, labda huli nyama au zamu ya kazi inakunyima chakula cha mchana, hapo poda inasaidia. Soma lebo: kijiko kimoja kitoe gramu 20 hivi. Sukari ikitangulia kwenye orodha ya viambato, rudisha kopo. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.